FATIMA: JINA NA SOMO WAKE

(Hotuba ya mwalimu wa dini mbele ya Wakristu na walimu, katika siku za Jubilei)

Baba Askofu, Mapadre, Masista, walimu wenzangu, na ninyi ndugu Wakristu mliokuja kutoka parokiani na vigangoni,

Nimeagizwa niseme nanyi juu ya majina ya ubatizo. Habari hiyo ni pana kama bahari, na mtu akitaka kuivuka yote kwa asubuhi moja, chombo chake kitazama. Basi nimechagua jina moja tu. Ni jina la kike ambalo Wareno huwapa binti zao, nalo ni Fatima. Wareno huliandika Fátima, wakaliweka alama juu ya sauti ya kwanza, maana ndipo wanapolikazia.

Nimelichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza, katika jimbo letu yako makanisa, vyama na vikundi vya sala vinavyoitwa kwa jina hilo, na wengi wetu hatujui limetoka wapi wala maana yake ni nini. Ya pili, mimi mwenyewe nilimkosea mtu kwa ajili ya jina hili. Kosa langu nitalisema waziwazi mbele yenu, ili mwalimu kijana anayenisikiliza leo asije akalirudia.

KOSA LANGU

Mwaka wa 2008 nilikuwa mwalimu mpya wa dini katika kigango kimoja. Nilikuwa na bidii nyingi na elimu haba, na viwili hivyo vikikaa pamoja huzaa hasara. Siku moja alikuja mama mmoja Mkristu na mumewe, wamempakata mtoto mchanga wa kike, wakataka aandikwe kwa ubatizo. Nikauliza, “Jina lake nani?” Mama akajibu, “Fatuma.”

Nikaweka kalamu chini. Nikamwambia, “Mama, hilo si jina la Mkristu. Tafuteni jingine.” Akaniambia kwa upole, “Mwalimu, ni jina la bibi yake.” Nami nikajibu kwa ukali kwamba kitabu cha ubatizo si kitabu cha mabibi. Wale wazazi waliniogopa, wakanyamaza. Nikatazama kalenda, nikaandika jina la mtakatifu wa siku ile, nikafunga kitabu.

Sikuuliza zaidi, ningaliuliza, ningalipata habari hii. Mama yule alifiwa na mama yake mzazi naye bado ananyonya. Jirani yao, mwanamke Mwislamu jina lake Fatuma, alimtwaa yule mtoto, akamlisha uji kwa kidole, akamlikiza, akamlea, akampeleka shule. Alipokua akataka kubatizwa na kuolewa na Mkristu, bibi yule hakumzuia. Alisema tu, “Mwanangu, mche Mungu huko uendako.” Ndiye ambaye jina lake lilikataliwa nami.

Siku ya ubatizo bibi alikuja, amevaa kanga mpya, akasimama nje karibu na mlango. Misa ilipokwisha alinisogelea, akaniamkia kwa heshima ingawa mimi ndimi ningalipaswa kumwamkia kwanza, akaniuliza neno moja: “Mwalimu, jina langu lina kosa gani?”

Ndugu zangu, sikuwa na jibu. Nilisema maneno, lakini hayakuwa jibu. Hotuba yangu ya leo ndiyo jibu nililopaswa kumpa.

ASILI YA JINA NA MAANA YAKE

Fatima ni jina la Kiarabu. Limetoka katika neno lenye maana ya kumwachisha mtoto maziwa, yaani kumlikiza. Fatima basi ni “mwenye kulikiza”, mama aliyemfikisha mtoto wake salama hata akaweza kuacha ziwa na kula chakula. Wengine hulieleza pia kuwa ni mwenye kujizuia. Sisi tulio Waswahili wa pwani na wa bara tumelisema jina hili kwa midomo yetu wenyewe, likawa Fatuma, na mahali pengine Fatma.

Mkristu asidhani kwamba maana hiyo ni ndogo. Kina mama waliomo humu wanajua kulikiza ni kazi gani. Mtoto hulia usiku, hukataa uji, hudhoofu, na mama moyo wake huwaka. Lakini asipofanya hivyo mtoto hatakua. Zamani, kabla ya zahanati na dawa, watoto wengi hawakufika siku ile. Kwa hiyo mwenye kufika alifanyiwa furaha. Maandiko Matakatifu yatuambia kwamba Abrahamu alifanya karamu kubwa siku Isaka alipoachishwa ziwa. Hana, mama wa Samweli, alingoja kwanza amwachishe mwanawe maziwa, ndipo akampeleka nyumbani mwa Bwana kumtolea. Katika Zaburi ya 131 mtu wa Mungu aifananisha roho yake iliyotulia na mtoto aliyekwisha kulikizwa, anayekaa kwa mama yake bila kulia. Naye Mtume Paulo aliwaambia Wakorinto kwamba aliwanywesha maziwa kwanza, kwani walikuwa hawajaweza chakula kigumu.

Sisi walimu wa dini tutazame hapo. Kazi yetu yote ni hiyo. Twampokea mkatekumeni kama mtoto mchanga, twampa maziwa ya mafundisho ya kwanza, kisha kidogo kidogo twamfikisha mezani pa Bwana. Jina nililolikataa mimi lilikuwa jina la kazi yangu mwenyewe, nami sikujua.

Huyu Fatima anayejulikana kuliko wote kati ya Waislamu ni binti wa Muhamadi, mke wa Ali, mama wa Hasani na Huseni. Alifariki mwaka wa 632, miezi michache tu baada ya baba yake. Kwa ajili yake wazazi Waislamu wa kila nchi wamewaita binti zao jina hili. Tena si geni katika historia ya pwani yetu. Unguja ilikuwa na malkia aliyeitwa Fatuma, aliyekuwa rafiki wa Wareno. Wareno walipozingirwa na Waarabu wa Omani katika ngome ya Mombasa, tangu mwaka wa 1696 hata 1698, malkia huyo alikuwa upande wao, akajaribu kuwasaidia kwa chakula. Naye kwa urafiki huo alichukuliwa mateka hata Omani.

JINSI JINA LILIVYOFIKA URENO

Sasa mtauliza, “Jina la Kiarabu lilipataje kuwa jina la Wareno Wakristu?” Swali ni jema. Majina husafiri kama vyombo vya baharini, huchukua shehena huku na kuishusha kule.

Mwaka wa 711 majeshi ya Waislamu, Waarabu na Waberberi, walivuka mlango wa bahari kutoka Afrika ya Kaskazini, wakaishika sehemu kubwa ya nchi tunazoziita leo Hispania na Ureno. Walikaa huko karne nyingi. Mfalme Afonso Henriques aliitwaa Lisboa kwao mwaka wa 1147, na mji wa Faro, ulio kusini kabisa mwa Ureno, ulitwaliwa mwaka wa 1249. Watawala waliondoka, lakini maneno hayakuondoka. Mpaka leo Mreno huita sukari açúcar, na zeituni azeitona, nayo yote mawili yametoka katika Kiarabu kama yalivyotoka maneno yetu sisi. Nchi ya kusini huitwa Algarve, maana yake Magharibi. Na Mreno akitamani jambo jema husema oxalá, ambalo asili yake ni neno la Kiarabu la kutaka Mungu apende. Nasi hapa twasema inshallah.

Hali kadhalika vilibaki vijiji vyenye majina ya watu wa zamani. Katika nchi ya katikati ya Ureno, karibu na mji wa Ourém, iko milima ya mawe ya chokaa, na hapo upo mji uitwao Fatima, ambao zamani ulikuwa kijiji. Wazee wa Ureno wana hadithi yao juu yake. Husema kwamba mwaka wa 1158 shujaa mmoja, Gonçalo Hermigues, aliwateka watu wa Kiarabu, na miongoni mwao alikuwamo binti wa ukoo mkubwa jina lake Fatima. Binti yule akapendana na shujaa, akabatizwa, akapewa jina jipya, Oureana, wakaoana. Lakini alikufa angali kijana, na mumewe kwa huzuni akaingia utawa katika monasteri ya Alcobaça. Husema kwamba jina lake jipya ndilo lililokuwa jina la mji wa Ourém, na la kale ndilo lililokuwa jina la kijiji.

Hiyo ni hadithi, nami naisimulia kama hadithi. Lakini tuyaangalie majina yaliyomo. Hata wasimulizi wa kale, waliompa yule binti jina jipya la ubatizo, hawakuweza kulifuta jina alilopewa na mama yake. Walilitunza kilimani. Na Mungu, anayejua yajayo, alikuwa na kazi nalo.

MWAKA WA 1917

Kwa miaka mingi Fatima kilikuwa kijiji cha wakulima na wachungaji, hakijulikani na mtu. Wareno wenyewe hawakuwa na desturi ya kuwaita binti zao jina hilo. Ndipo ulipofika mwaka wa 1917.

Tarehe 13 Mei mwaka ule watoto watatu walikuwa wakichunga kondoo mahali paitwapo Cova da Iria, yaani bonde la Iria. Walikuwa Lúcia dos Santos, mwenye miaka 10, na binamu zake wawili, Francisco Marto, mwenye miaka 8, na dada yake Jacinta, mwenye miaka 7. Walisema wamemwona Bibi mwenye kung'aa kuliko jua, amesimama juu ya mti mdogo, akawaambia wasali Rozari kila siku ili amani ipatikane duniani, na warudi pale kila mwezi tarehe ile ile. Walirudi mpaka tarehe 13 Oktoba, isipokuwa mwezi wa Agosti, kwani mtawala wa wilaya aliwakamata na kuwazuia, naye Bibi akawatokea siku chache baadaye mahali pengine. Siku ya mwisho makumi ya maelfu ya watu walikuwako, mvua imewalowesha, na wengi walishuhudia kwamba jua lilionekana kucheza mbinguni. Siku hiyo Bibi alijitaja kuwa ni Bibi wa Rozari.

Kanisa halikufanya haraka. Liliuliza, likachunguza, likangoja miaka 13. Tarehe 13 Oktoba 1930 Askofu José Alves Correia da Silva wa Leiria alitangaza kwamba matokeo yale yanastahili kusadikiwa. Nasi walimu tuwe na utaratibu huo huo tunapofundisha: habari za namna hii haziongezi neno katika imani tuliyopokea kwa Mitume, zatusaidia kuiishi tu.

Francisco alikufa mwaka wa 1919 na Jacinta mwaka wa 1920, wote wawili kwa sababu ya homa ile ya mafua iliyoua watu duniani kote, hata hapa kwetu. Lúcia aliingia utawa, akaishi hata mwaka wa 2005. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili aliwatangaza Francisco na Jacinta Wenye Heri tarehe 13 Mei 2000, naye Baba Mtakatifu Fransisko aliwaandika katika hesabu ya Watakatifu tarehe 13 Mei 2017, ilipotimia miaka mia kamili.

Hapo pia pana jambo la kutugusa sisi. Iria ni jina la mtakatifu wa kike wa Ureno, nalo ni lile lile Irene la Wayunani, maana yake Amani. Bibi aliyeomba amani alisimama katika bonde lenye jina la Amani, na siku nane tu kabla yake, tarehe 5 Mei 1917, Baba Mtakatifu Benedikto wa Kumi na Tano alikuwa ameagiza Maria aitwe Malkia wa Amani katika litania. Na amani ilikuwa wapi? Ureno ilikuwa vitani tangu mwaka wa 1916. Vita hiyo haikuwa ya Ulaya peke yake. Watoto wale walipokuwa wamepiga magoti mwezi wa Oktoba, babu zetu walikuwa njiani Lindi na Mahiwa, wapagazi wa majeshi mawili, mzigo kichwani na njaa tumboni. Wengi walizikwa kando ya njia bila jina. Mwezi uliofuata majeshi ya Wajerumani yalivuka mto Ruvuma, yakapigana na Wareno kule Negomano. Basi mtu asiseme kwamba Fatima ni habari ya Wazungu. Rozari iliyosaliwa kule ilimwombea amani hata mpagazi wa Ruvuma.

JINSI FATIMA LILIVYOKUWA JINA LA UBATIZO

Wareno wana desturi nzuri, nayo yafaa kujulikana. Humpenda Maria hata binti wengi sana huitwa jina lake. Lakini wote wakiitwa Maria tu, nani ataitika? Kwa hiyo huongeza sifa moja ya Mama wa Mungu. Huyu ni Maria das Dores, yaani Maria wa Uchungu. Yule ni Maria da Conceição, kwa heshima ya kukingiwa dhambi ya asili. Mwingine ni Maria da Graça, wa Neema. Mwingine Maria da Luz, wa Nuru. Mwingine Maria do Rosário, wa Rozari. Mwingine Maria do Carmo, wa mlima Karmeli. Kisha nyumbani Maria huachwa, nao huitwa Dores, Conceição, Graça, Luz. Mtu asiyejua atashangaa mama kumwita bintiye “Uchungu”. Lakini ajuaye hulisikia jina la Maria limefichwa mbele yake, kama mbegu katika tunda.

Ndivyo ilivyokuwa kwa jina letu. Baada ya mwaka wa 1917 wazazi walianza kuwabatiza binti zao Maria de Fátima, yaani Maria wa Fatima, na katika miaka ya katikati ya karne ile jina hilo likaenea mno. Kisha Maria akaachwa kama ilivyo desturi, likabaki Fátima peke yake. Likavuka bahari hata Brazili, Angola, Msumbiji, na Goa kule Bara Hindi, iliyokuwa chini ya Wareno tangu mwaka wa 1510 hata 1961. Wagoa waliokuja Unguja, Mombasa na Dar es Salaam kwa kazi za ukarani, upishi na ushonaji walikuja na majina ya namna hiyo, wakayaingiza katika vitabu vya ubatizo vya makanisa yetu ya kwanza.

Tazameni basi safari yake. Lilitoka Uarabuni, likapita Afrika ya Kaskazini, likaingia Ureno, likakaa kilimani miaka mamia, likapata kuwa jina la heshima la Mama wa Mungu, kisha likaletwa kwetu kwa mkono wa Wakristu. Na lilipofika, likamkuta ndugu yake Fatuma amekwisha kukaa pwani siku nyingi. Msishangae. Meza tunayolia chakula, bendera, leso na kasha ni maneno tuliyopata kwa Wareno hao hao. Hata neno gereza lilitoka katika igreja, ambalo kwao ni kanisa. Kama neno la kanisani liliweza kuishia kifungoni, kwa nini jina la hemani pa Waarabu lisiweze kufika altareni?

JE, MKRISTU AWEZA KUITWA HIVYO?

Nawaambia walimu wenzangu neno la sheria, kwa kuwa mimi nilidhani naitetea sheria ilhali siijui. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, katika kanuni ya 761, ilimtaka paroko ajitahidi mtoto apewe jina la Kikristu. Lakini wazazi wasipokubali, paroko aongeze jina la mtakatifu, na majina yote mawili yaandikwe katika kitabu. Mwaona? Hata sheria ile ya kale haikusema jina la wazazi lifutwe. Na sheria ya mwaka 1983, katika kanuni ya 855, yataka tu lisitolewe jina lililo kinyume cha moyo wa Kikristu. Je, jina la mama anayemlikiza mwanawe, ambalo ni pia sifa ya Bikira Maria yenye kumbukumbu yake tarehe 13 Mei, ni kinyume cha moyo wa Kikristu? Kila mtu ajijibu.

Katika Kiswahili chetu tuna neno moja zuri, nalo ni somo. Mtu uliyeitwa kwa jina lake ni somo wako. Wakristu twamwita hivyo hata mtakatifu wa ubatizo wetu: somo wangu mbinguni. Basi mtoto anayebatizwa Fatima ana somo wake mbinguni, naye ni Bikira Maria. Akiwa ameitwa pia kwa heshima ya bibi yake, ana somo wa pili duniani. Wawili hao hawagombani.

Lakini tuwe na adabu. Tusiende kwa jirani zetu Waislamu tukawaambia kwamba Fatuma wao ni wetu. Wanapolitaja jina hilo wao humkumbuka binti wa Muhamadi. Tuwaachie heshima yao. Kwani wao nao wana binti wengi waitwao Mariamu, nasi hatujasikia kwamba kwa jina hilo wamekuwa Wakristu. Mariamu ndiye mwanamke pekee anayetajwa kwa jina lake katika Kurani, na sura nzima huitwa kwa jina lake. Mtaguso wa pili wa Vatikano, mwaka wa 1965, ulikumbusha kwamba Waislamu humheshimu Maria, mama bikira wa Yesu, ingawa hawamkiri Yesu kuwa Mungu. Basi wao wana Mariamu, nasi tuna Fatima. Mlango huo tusiufunge kwa mkono wetu.

NILIVYORUDI KWA BIBI

Mwaka wa 2017 paroko aliniagiza nitayarishe mafundisho ya miaka mia ya Fatima. Nikasoma, nikauliza, ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza haya niliyowaambia. Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi nikapanda baiskeli, nikaenda kwa bibi yule. Nilimkuta amekaa barazani, anachambua mchele, macho yamepungua nuru.

Nikamwambia, “Shikamoo bibi. Nimekuja kutaka radhi.” Akauliza, “Radhi ya nini, mwanangu?” Nikasema, “Ya jina.” Akanyamaza kitambo, kisha akasema, “Mimi nilikusamehe siku ile ile, maana ulikuwa kijana. Lakini mtoto alikosa kitu chake.”

Nikaanza kumweleza maana ya Fatuma kama mwalimu anayefundisha. Akacheka. Akaniambia, “Mwalimu, hayo niliambiwa chuoni tangu utoto: Fatuma ni mwenye kulikiza. Nilipomchukua mama yake mtoto huyu, naye analilia ziwa lisilokuwapo, nilisema moyoni, leo nimeonyeshwa kazi ya jina langu.”

Nilikwenda kumfundisha, nikarudi nimefundishwa.

Bibi yule alifariki mwaka wa 2019. Mjukuu wake alipata Kipaimara mwaka wa 2021, na alipoulizwa jina la kuongeza alisema kwa sauti iliyofika mlangoni: “Maria Fatima.” Niliandika kwa mkono wangu, katika kitabu kile kile. Kalamu iliandika vizuri, lakini kanga ile mpya haikuwako tena karibu na mlango. Kosa la dakika moja lilinichukua miaka kumi na mitatu kulitengeneza, tena halikutengenezeka lote.

MANENO YA MWISHO KWA WALIMU

Basi, walimu wenzangu, nawaomba mambo matatu. Kwanza, mzazi akileta jina usilolijua, uliza kabla ya kukataa: nani aliyekuwa nalo, na alifanya nini? Pili, tafuta maana yake. Ikiwa jina halina ubaya, liandike kama wazazi wanavyolitamka, na ikiwafaa ongeza jina la mtakatifu, yaandikwe yote mawili. Tatu, mfundishe mtoto somo wake ni nani na siku yake ni ipi, kwani jina lisilofundishwa ni kama taa isiyo na mafuta.

Nanyi wazazi, msitoe majina kwa sababu ya sauti yake nzuri tu. Mwambieni mtoto kwa nini anaitwa hivyo. Na wewe uitwaye Fatima, ujue kwamba umepewa kazi: kuwalea walio wadogo hata waweze kula chakula kigumu cha imani, na kusali kwa ajili ya amani.

Katika Jubilei hii twahesabu ubatizo, makanisa na shule. Ni vyema. Lakini tuwahesabu pia, kwa shukrani, wale waliosimama nje karibu na mlango, wasioandikwa katika kitabu chochote chetu, ambao walitulelea Wakristu wetu. Bwana atuambia kwamba mchungaji mwema huwaita kondoo wake kila mmoja kwa jina lake. Naamini yapo majina anayoyajua yeye kuliko sisi tulioshika kalamu.

Maria, Bibi wa Rozari, Malkia wa Amani, utuombee.

Tumsifu Yesu Kristu. Milele na milele. Amina.